Chumba cha Makoti

Hadley Forks, Minnesota
Agosti 30, 1998

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na Duane, ameshalitengeneza lile bomba la jikoni alilokuwa analipigia hadithi tangu Pasaka? Mwambie dada yake anamsalimu, na kwamba bomba halijitengenezi lenyewe hata likiangaliwa kwa huruma.

Mimi sijambo. Nimepata chumba kwa mjane mmoja wa Kinorwe ambaye sijawahi kumwona akipika kitu kisicho kiazi. Ni mama mzuri lakini. Ananiita "mwanafunzi wangu", mimi na miaka yangu thelathini na mitano. Ungekubali simu ndani ya nyumba yako ningekupigia tukacheka pamoja, ila wewe na simu ni paka na maji, basi nashika kalamu.

Masomo yameanza. Mchana tunakuwa kwenye shule tulizopangiwa, jioni tunaketi chuoni kusomea hiyo shahada ya uzamili. Mwezi wa sita mwakani, nikifaulu vyote, natoka na shahada mkono huu na leseni ya kufundisha shule ya msingi mkono huu. Kwenye kundi letu mimi ndiye bibi. Wengi wametoka chuo cha kwanza juzi tu. Kijana mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mhadhiri. Nikamwambia hapana, mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno miaka kumi na mbili. Akasema, "Basi watoto watakuogopa." Nikamjibu, "Wa kwetu walishaanza zamani."

Nimepewa darasa la kwanza, chini ya mwalimu mlezi anayeitwa Bi Tollefson. Shule ni jengo kuukuu la matofali mekundu, juu ya kilima kinachoteremka kwenda mtoni. Wanasema kabla wilaya haijaichukua ilikuwa shule ya bweni ya watoto wetu, watoto wa Kiojibwe, ya kuwageuza wawe kama wazungu. Nikajiuliza, wewe na marehemu mama mlisomea wapi? Nimegundua sijawahi kukuuliza.

Mwanao,
Renae

---

Little Otter
Septemba 27, 1998

Mwanangu Renae,

Marahaba. Tumemaliza kuvuna mpunga wa mwitu ziwani. Mwaka huu umekuja mwingi, punje ndefu, na maji yalikuwa yametulia. Duane aliupindua mtumbwi mbele ya wakwe zake wote. Alitoka majini na majani kichwani, na mama mkwe wake akasema, "Angalau kuna kitu amevuna." Bomba bado linavuja.

Umeuliza tulisomea wapi. Mama yako alisoma hapa hapa Little Otter, kwenye ile shule ya kutwa iliyoungua.

Waombe wakupeleke shule nyingine. Zipo nyingi. Waambie kilima kinakuumiza miguu.

Nimekufungia mchele kwenye kifurushi. Uoshe vizuri kabla ya kupika, na umpe na huyo mjane, apumzike na viazi vyake.

Mama Mkubwa

---

Hadley Forks
Oktoba 18, 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo tena. Mchele umefika. Mjane aliutazama ulivyo mweusi akauliza kama umeungua. Nikamwambia aonje kwanza. Sasa ananiuliza kila siku kama mamangu mkubwa hajatuma kifurushi kingine.

Umenijibu kuhusu mama. Kuhusu wewe hukujibu. Nimeona, ila nimenyamaza.

Nilimwendea mratibu wa programu kumwomba shule nyingine. Akasema, "Renae, hii si hoteli ya kuchagua chumba." Kila mtu ameshapangiwa, na nikiondoka nilipo nasubiri mwaka mzima mwingine. Siwezi. Kazi ya meno nimeshaiacha.

Na kusema kweli sitaki kuondoka. Bi Tollefson ni mkali lakini anajua kufundisha. Watoto waliokuja hawajui A, sasa wanasoma vibao vya barabarani. Ananirudishia maandalio yangu ya somo yakiwa mekundu kila mahali, na mara nyingi yuko sahihi.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Nyuma ya darasa letu kuna chumba cha makoti. Ni chembamba, kirefu, kina ndoano kila upande na mlango mzito wa mbao. Mtoto akishindwa kutulia, Bi Tollefson anamtia mle, anafunga mlango, na anamwambia, "Utatoka ukiwa mtu." Anayeingia zaidi ni msichana mmoja, Corinne, nywele nyekundu, mtoto wa mwenye gereji. Corinne hawezi kukaa. Ukimweka kwenye kiti, kiti kinachoka kabla yake.

Mwanzoni alikuwa analia mle ndani mpaka sauti inakauka. Wiki hii hakulia. Alitoka kimya, macho makubwa. Wakati wa kula nikakaa karibu naye.

"Leo hukulia, Corinne."

"Sikuwa peke yangu."

"Ulikuwa na nani?"

"Na yule msichana. Ananiita jina ambalo si langu."

"Anakuitaje?"

"Nimise. Nimemwambia mimi ni Corinne, lakini hasikii. Anaita tu. Nimise, nimise."

Mama Mkubwa, huyu mtoto ni mzungu mtupu, nyumbani kwao hakuna mtu anayejua neno hata moja la kwetu. Lakini lile neno lilinigusa mgongoni. Ni la lugha yetu, au ni mchezo wa watoto? Mimi unanijua, najua kusalimu, na matusi aliyonifundisha Duane.

Renae

---

Hadley Forks
Novemba 29, 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Nilitaka kuja Sikukuu ya Shukrani, barabara zikafungwa na theluji. Nilimpigia Duane dukani. Anasema u mzima, unapasua kuni mwenyewe na akikuomba shoka humpi. Akasema pia umeacha kula mezani, unasimama na sahani yako dirishani. Kuna nini?

Siku moja kabla ya sikukuu, watoto walipokwenda nyumbani, niliingia kwenye chumba cha makoti nikajifungia. Nilitaka tu kujua wanachokijua. Sikusikia kitu. Palikuwa na baridi isiyo ya kawaida, ingawa bomba la mvuke linapita ukutani hapo hapo. Nilipochuchumaa, nikaona mikwaruzo kwenye mlango, chini, kimo cha mtoto. Rangi imepakwa juu yake mara nyingi lakini kidole kinaihisi. Nikatoka nje nikaangalia upande wa pili. Na huko ipo, juu kidogo ya ile ya ndani. Kama watu wawili waliokuwa wanakwaruza wakiwa wameuweka mlango katikati.

Mwezi ujao Dokta Amundson, msimamizi wangu kutoka chuoni, anakuja na kamera ya video kunikagua. Bi Tollefson ameniambia, "Siku hiyo uonyeshe kwamba darasa ni lako. Corinne akianza mambo yake, unajua pa kumpeleka."

Niandikie, tafadhali. Hata mstari mmoja.

Renae

---

Little Otter
Desemba 6, 1998

Renae,

Sijaumwa. Theluji imefika dirishani. Mbwa amezaa kwenye sanduku la viatu vya Duane.

Neno hilo ni letu. Ni mtoto anamwita dada yake mkubwa. Ni hivyo tu, usiniulize zaidi.

Lile dirisha dogo la juu bado lipo, au waliliziba?

Usiufunge ule mlango. Huyo mwanamke akikuambia ufunge, usifunge. Wakikufukuza, rudi nyumbani, nitakulisha. Lakini usimfungie mtoto mle.

M. M.

---

Hadley Forks
Desemba 16, 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, imekaa njiani na theluji. Ukaguzi ulikuwa wiki iliyopita. Kwa hiyo niliyoyafanya niliyafanya kabla hujaniambia. Sijui kwa nini naona ni muhimu ulijue hilo.

Siku yenyewe nilivaa ile sweta ya bluu uliyonifuma. Dokta Amundson, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, akasimamisha kamera kwenye kona, akakaa na karatasi zake. Bi Tollefson akakaa nyuma. Somo lilikuwa la sauti za herufi. Dakika za mwanzo watoto walikuwa malaika, nikaanza hata kujiona mwalimu. Halafu Corinne akatelezea chini ya meza yake akaanza kubweka. Watoto wakacheka. Akabweka zaidi.

Bi Tollefson akaninyooshea kidole kuelekea chumba cha makoti. Nikajifanya sijaona. Akainuka akaja kuninong'oneza.

"Mpeleke. Anakuharibia."

"Hapana."

"Renae, kamera inakwenda."

"Naiona."

"Unatupa mwaka mzima kwa ajili ya mtoto asiyejua hata kukaa."

Nilifikiria ile kazi niliyoiacha, na kurudi Little Otter mikono mitupu, na Duane akinitania mpaka nizeeke. Kisha nikapiga magoti na sweta yangu ya bluu nikaingia chini ya meza.

"Corinne," nikasema, "unabweka vizuri. Niambie, neno 'mbwa' linaanza na sauti gani?"

Akanitazama. Alikuwa anangoja mlango, si swali. "Mmm," akasema.

"Na mwisho?"

"Aaa."

Mtoto mwingine akainama kutuchungulia. "Na 'meza'?" akauliza. Nikamwambia aje atuambie. Akaja. Akaja na wa pili. Mwishowe darasa zima lilikuwa sakafuni, matumbo chini, wanapiga kelele za herufi kati ya miguu ya meza, na kamera inachukua picha ya viti vitupu.

Kengele ilipolia Dokta Amundson alizima kamera, akakusanya vitu vyake akaondoka. Bi Tollefson ameandika kwamba siwezi kudhibiti darasa na kwamba hapendekezi nipewe leseni. Kamati ya chuo itanisikiliza Februari.

Dirisha la juu limezibwa. Unaona bado alama ya fremu.

Umejuaje kwamba palikuwa na dirisha?

Na mama hakuwahi kukuita "nimise", alikuita Ardie maisha yake yote. Na hakusoma huku, umeniambia mwenyewe. Basi ni nani? Mama Mkubwa, mlikuwa wangapi?

Renae

---

Little Otter
Februari 7, 1999

Mwanangu,

Salamu zako za Krismasi nilizipata. Watoto wa mbwa wamegawiwa wote ila mmoja mwenye sikio bovu, huyo amebaki kwangu. Mama mkwe wa Duane amelazwa, mapafu. Tunakwenda kumwona kila Jumapili.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuitia jikoni ikaungua. Hii naiandika nikiwa nimesimama, ili nisije nikakaa nikaanza kufikiri.

Tulikuwa watatu. Kati yangu na mama yako alikuwepo Philomene.

Sasa nimeliandika jina. Sijalitamka wala kuliandika tangu nikiwa na miaka kumi. Limenitazama hapa kwenye karatasi na mimi nimelitazama.

Watu wa shule hiyo walituchukua wote wawili vuli moja, na mama yako bado anatambaa. Philomene alikuwa na miaka sita. Alikuwa mtoto wa kuongea, anaongea na kuku, anaongea na moto. Kiingereza hakujua hata neno. Mimi nilikuwa nimejua kidogo kwa mwenye duka. Pale ukisema lugha yetu unafungiwa. Yeye hakuwa na lugha nyingine ya kusema, basi kila alipofungua mdomo alifungiwa. Kwenye chumba hicho. Chini ya makoti.

Mimi nilikuwa kwa wakubwa, kazi yangu kufagia ukumbi. Nikipita ananisikia, anazijua hatua zangu. Anaita. Mimi nikijibu nafungiwa na mimi, mahali pengine, na yeye anabaki hana mtu ukumbini. Kwa hiyo nilichuchumaa na ufagio nikakwaruza mlango kwa ukucha. Na yeye akakwaruza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu majira yote ya baridi. Ndiyo hayo uliyoyagusa kwa kidole.

Kisha akaanza kukohoa. Asubuhi moja nikafika bwenini kwa wadogo, kitanda chake kimetandikwa, shuka limevutwa limenyooka. Nikauliza. Mwangalizi akasema, "Fagia." Hawakuniambia amekwenda wapi, wala hawakuwaambia wazazi wamemzika wapi. Baba alikuja na mkokoteni wa theluji na blanketi. Nilimwona kupitia dirishani. Hawakumfungulia lango. Alisimama pale mpaka farasi akaanza kuganda, akageuza.

Nyumbani mama alizikunja nguo zake akaziweka mahali, sijui wapi. Jina halikusemwa tena. Mama yako alikua akijua tuko wawili, na sisi tukamwacha ajue hivyo.

Hayo ndiyo. Usiyajibu. Niambie habari za kamati.

Mama Mkubwa

---

Hadley Forks
Machi 14, 1999

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa mama mkwe wa Duane. Nimewatumia kadi.

Umesema nisiyajibu, sitayajibu. Nilisoma barua yako ndani ya gari, nikakaa humo mpaka vioo vikaingia ukungu. Basi.

Kamati. Walikuwa watu watano, meza ndefu, na Bi Tollefson amekaa upande mwingine na mkoba mapajani. Akasoma maandishi yake. Kisha Dokta Amundson akainuka akaweka ule mkanda wa video. Kwenye televisheni kukaonekana viti vitupu na kelele. Mzee mmoja akauliza, "Watoto wako wapi?"

"Chini ya meza," Dokta Amundson akasema. "Sikilizeni wanachokisema."

Wakasikiliza. Mkanda ukaenda mpaka mwisho. Sauti moja moja, herufi moja moja, na Corinne ndiye wa juu kuliko wote. Yule mzee akasema, "Mimi nimefundisha kusoma maisha yangu yote, sijawahi kusikia darasa la kwanza likigombania herufi." Wakaniruhusu kuendelea.

Nilidhani Bi Tollefson hatanisemesha tena. Siku iliyofuata alinikuta ukumbini, mbele ya ule mlango.

"Unadhani mimi sisikii?" akaniuliza.

Sikumwelewa kwanza.

"Nimekuwa humu miaka ishirini na mbili. Mimi mwenyewe siingii mle. Koti langu linakaa kwenye kiti, hujaona? Nikitaka chaki namtuma mtoto."

"Basi kwa nini unawafungia?"

Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Mwalimu niliyemkuta alifanya hivyo. Na wakitoka mle wanakuwa watulivu. Nilikuwa naupenda huo utulivu. Sikutaka kujua unatoka wapi."

Siku hiyo hiyo alimwita fundi wa shule, ule mlango ukang'olewa na bawaba zote. Umeegemezwa nyuma ya jengo, kwenye theluji.

Sasa kuna jambo ambalo nilitaka kukuficha. Corinne hasikii tena kitu chumbani. Nilipomwuliza akasema, "Ametoka."

"Amekwenda wapi?"

Akanionyesha kidole. Kwenye zulia, karibu na bomba la mvuke, pale watoto wanapokaa nikiwasomea hadithi. Nikaangalia vizuri. Watoto wote wamebanana, wamekaliana, na pale pana nafasi ambayo hakuna aliyekaa. Hakuna aliyewaambia waiache.

"Anafanya nini hapo?"

"Anatuangalia midomo," Corinne akasema. "Haelewi tunachosema."

Ninasoma hadithi kila siku nikiitazama ile nafasi. Sina neno la kumwambia, Mama Mkubwa. Chuoni wamenifundisha namna ya kumpokea mtoto asiyejua lugha ya darasa, tumefanya mtihani mzima juu ya hilo, na sina neno hata moja. Niandikie machache. Hata "karibu". Hata "usiogope".

Renae

---

Little Otter
Aprili 11, 1999

Renae,

Tumechemsha utomvu wa miti, sukari imetoka nzuri, nyeupe kidogo. Duane ameunguza sufuria moja. Mama mkwe wake ametoka hospitali na ameshaanza kumtukana, kwa hiyo amepona.

Nimefurahi kuhusu kamati. Nimefurahi sana, ingawa barua haionyeshi.

Maneno hayo siwezi kuyaweka kwenye bahasha. Yakisomwa vibaya yatamtisha.

Usinizungumzie tena habari ya zulia.

Kwenye mahafali sitakuja. Nisingeweza kupita ile barabara hata ningefungwa macho. Nitakuwekea keki.

M. M.

---

Hadley Forks
Juni 20, 1999

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mahafali yamepita. Duane alikuja na suruali ya suti na viatu vya kuvulia samaki, akapiga mbinja jina langu liliposomwa mpaka mkuu wa chuo akapoteza mstari. Mjane wangu alilia kuliko wote. Nilikutafuta kwa macho ingawa ulishaniambia.

Nina leseni. Imeandikwa jina langu lote na la ukoo. Bi Tollefson anastaafu, na wamenipa darasa lake. Nimekaa siku kadhaa nikijiuliza kama nilikatae. Nikikataa, watampa mtu mwingine asiyejua kitu, ambaye atakalisha watoto kwenye ile nafasi au atarudisha mlango. Nimekubali. Ukinikasirikia, nikasirikie.

Siku ya mwisho wa shule watoto waliniaga mmoja mmoja. Corinne alikuwa wa mwisho. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wote tunakwenda nyumbani. Yeye anabaki." Nilimfunga tu kamba za viatu.

Mwezi wa nane nitakuwa Saint Paul kwa semina ya walimu wapya, kisha nitakuja nikusaidie kukata kuni. Nataka kukuona. Sitakuuliza kitu.

Renae

---

Little Otter
Agosti 22, 1999

Mwanangu mwalimu,

Natumai barua hii itakukuta umesharudi kutoka huko Saint Paul, na kwamba hawakuwalaza kwenye vitanda vibovu. Hapa joto, mbu, na mpunga unaanza kuinama ziwani. Mbwa mwenye sikio bovu ameuma gurudumu la gari la mtu wa posta. Usiudhike kwamba nilisubiri uwe mbali. Ungekuwepo nisingeweza.

Jumanne nilimwambia Duane, "Washa gari." Akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia nitamwonyesha njia, na nilimwonyesha, kila kona, kana kwamba nimepita jana. Tulipofika kwenye kile kilima nilimwambia abaki kwenye gari. Fundi alikuwa anapaka rangi madirisha. Nikamwambia mimi ni mama mkubwa wa mwalimu mpya wa darasa la kwanza. Akavua kofia akanifungulia.

Ukumbi ni mfupi. Niliukumbuka mrefu, hauishi. Nikaingia darasani kwako. Umepanga vizuri. Zulia nililiona. Sikutaka kukaa kwenye kiti, nikashuka sakafuni, na unajua magoti yangu, nikajua kuinuka itakuwa shughuli.

Nisikudanganye, sikusikia kitu, wala sikuona kitu. Palikuwa na vumbi na jua. Nilisema tu. Tangu nilipotoka jengo lile sikuwa nimeisema lugha yetu na mtu. Hata na marehemu mume wangu nilisema Kiingereza, na yeye alidhani nimeisahau. Maneno yalitoka yamekunjamana. Nikamwambia, mdogo wangu, baba alikuja kukuchukua. Alileta blanketi. Hawakumfungulia. Nikamwambia mama hakukusahau, alizikunja nguo zako. Nikamwambia yule mchanga uliyemwacha anatambaa, Lucille, alikua mcheshi, angekupenda, na huyu ndiye aliyemzaa huyo anayekusomea hadithi. Nilimweleza yote mpaka sauti ikaisha. Kisha nikamwambia, twende nyumbani, gari iko nje.

Fundi alinisaidia kuinuka.

Kwenye gari nikafungua mlango wa nyuma nikausimamia. Duane akasema, "Mama, mbu wanaingia." Nikamwambia asubiri. Akasema, "Tunamsubiri nani?" Nikamwambia anyamaze, na unajua yule, alinyamaza kweli. Nilipoona imetosha nikafunga taratibu.

Njiani nilimwambia asimame pale wanapouza aiskrimu. Nikanunua mbili. Akanyoosha mkono, nikampiga kofi la vidole. "Si yako." Ile ya pili niliiweka kiti cha nyuma kwenye kikombe. Alipunguza mwendo kwenye kona zote mpaka nyumbani, na redio akaizima.

Sasa ninakueleza wewe peke yako. Kitanda cha mama yako, kile cha chumba cha nyuma, nilikitandika Jumanne. Kila asubuhi nakikuta blanketi limevutwa upande mmoja. Mbwa analala mlangoni pake, hataki kutoka. Nazungumza siku nzima sasa. Nazungumza nikipika, nazungumza nikifua, Duane akija anasimama uani kwanza anasikiliza ndipo anabisha hodi. Siogopi. Nimechoka tu, uchovu mzuri, kama wa mtu mwenye mtoto ndani ya nyumba.

Na leo, nilipokaa kuandika barua hii, taa ilikuwa mkono wangu wa kushoto na karatasi ikawa na kivuli. Nikasogeza taa. Kivuli hakikusogea. Anaangalia kalamu, Renae. Walimweka mle hata kabla hajafundishwa herufi ya kwanza, na alipotoka ilikuwa ni kuangalia midomo ya watoto wa watu mpaka shule ikafungwa. Hajui kusoma. Mimi nitazungumza naye lugha yetu, hiyo ninayo, imerudi yote. Lakini kusoma siwezi kumfundisha, sikusomea kazi hiyo.

Wewe una leseni. Njoo Jumamosi mapema, na uje na kitabu cha wanaoanza, chenye picha kubwa. Tutakaa mezani, sote.

Ardith